Tundu Katikati ya Pembesawa

Namna Nyamizi binti Kasanda alivyofika Pembesawa haina utamu wa kusimulia. Alitembea, akachoka, akafika. Wapo wasimulizi watakaokuzungusha milimani na mabondeni mpaka usahau ulikuwa unakwenda wapi, lakini mimi nina haraka ya kukuingiza ndani, kwa sababu mambo yenyewe yako huko. Itoshe kujua kwamba alikuwa fundi wa vigae, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwenye magoti sugu na jicho lisilovumilia mstari uliopinda. Mkobani mwake, pamoja na pima maji, uzi na nyundo ya mpira aliyoachiwa na baba yake, alikuwa na barua ya Baraza la Pembesawa ikimwita aje kutandika sakafu ya ukumbi mpya.

Pembesawa ni nchi yenye pande tano zilizo sawa na pembe tano zilizo sawa, na wenyeji wake wanajivunia usawa huo kupita kiasi. Kila pembeni pana mji, na miji yote mitano inaitwa Pembe ya Kwanza, kwa kuwa sheria hairuhusu mji wowote uwe wa pili. Barua hupotea sana katika nchi hiyo. Waasisi waliagiza kwamba kila pembe igawanywe mafungu matatu yaliyo sawa, na agizo hilo lilitekelezwa kwa uaminifu: kila mji ulipanda nyua mbili za minyaa, zilizonyooka kutoka kwenye jiwe la pembe yake hadi ng'ambo ya nchi. Kila mji unaapa kwamba nyua zake ni zake peke yake, kwa hiyo vitabu vyote vinasema nchi ina nyua kumi. Ukienda kuzitazama kwa miguu yako utakuta tano, maana ua unaoanzia pembe moja unaishia kwenye pembe nyingine, na huko nako wanauita wao. Kila ua una wapogoaji wawili, mmoja kutoka kila mwisho, na wanapokutana njiani hushtakiana kwa kukata minyaa ya watu.

Msomaji mwenye unga kidogo mezani anaweza kuichora nchi hiyo kwa kidole. Ataona nyua tano zimefanya nyota. Mikono mitano ya nyota, iliyo myembamba, kila mmoja ukigusa pembe moja tu, wenyeji wanaiita Ncha. Kati ya mkono na mkono, ukingoni mwa nchi, kuna vipande vitano vipana vilivyolala chali, na kila kimoja kinagusa pembe mbili. Hivyo wanaviita Mbavu. Na katikati kabisa, kiunoni mwa nyota, kuna kipande kidogo chenye pande tano ambacho hakigusi pembe yoyote. Wanaoishi humo wanakiita Kitovu. Serikali haikiiti chochote.

Nyamizi aliingia Kitovu bila kujua kuwa ni Kitovu. Alikuwa amefuata ua kwa siku mbili akiwa na homa, na homa ikamzidi nguvu mbele ya mlango wa nyumba ya kwanza aliyoiona. Mwenye nyumba alikuwa Mashavu binti Ngwali, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfuga mbuzi, mpana wa mabega na mwepesi wa kucheka. Alimbeba mgeni wake mgongoni, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, na kwa siku kumi na tisa akalala juu ya mkeka mlangoni. Hapakuwa na zahanati wala mkunga wala kisima cha kuchimbwa, ila palikuwa na watu. Jirani huyu alileta uji wa mtama, yule akaleta maziwa, mwingine akaja kumpepea tu kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuleta. Siku alipopata nguvu ya kukaa, Nyamizi alivua pete yake ya fedha akamwekea Mashavu kiganjani. Mashavu akamrudishia.

"Ulipozinduka tu uliuliza majina yetu, dada," alisema. "Wewe ndiye mtu wa kwanza kutoka nje kutuuliza. Tumeshalipana."

Nyamizi akairudisha pete kidoleni. Kwao alikuwa fundi anayesifiwa, lakini hakukumbuka mtu aliyewahi kumshukuru kwa jambo dogo namna hiyo, na yeye ndiye aliyekuwa na deni la uhai.

Hapo ndipo alipopata habari ya bwawa. Kila mwaka Pembesawa huwa na Siku ya Mgao, ambapo kila kipande kilichohesabiwa hupewa sehemu yake ya walimu, wakunga, mbegu na maji. Kitovu hakikuwa kimehesabiwa hata mara moja, kwa hiyo hakikuwa kimepewa kitu. Hilo walishalizoea. Jipya lilikuwa azimio la msimu ule wa kiangazi: kwa kuwa nchi inahitaji bwawa, na kwa kuwa hakuna kipande kinachokubali kutoa ardhi yake, bwawa litawekwa mahali pasipo kipande, pale nyua zinapopishana. Mtaro ulikuwa umekwishachimbwa na lango la mto lilikuwa tayari. Siku ya Mgao, hesabu ikishatimia ndani ya ukumbi mpya, lango lingefunguliwa, na nyumba arobaini na moja za Kitovu zingekuwa chini ya maji kabla ya jua kuchwa.

Mashavu alikuwa amekwenda kulalamika mara tatu. Alisimulia safari hizo huku akicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kinakatika katikati. Mara ya kwanza Katibu wa Baraza alimuuliza anatoka kipande gani, akajibu cha katikati, Katibu akatafuta kwenye orodha, hakukiona, akaandika: Hakuhudhuria. Mara ya pili aliandika hivyohivyo. Mara ya tatu Mashavu alipaza sauti, na Katibu, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alimweleza kwa upole kwamba hana mamlaka ya kumsikia mtu ambaye hajafika.

Nyamizi hakuahidi kitu, maana hakuwa na kitu cha kuahidi. Aliaga, akalia njiani, akafika Pembe ya Kwanza, ile yenye Baraza.

Alipokewa na watu wawili. Wa kwanza alikuwa Katibu yuleyule, jina lake Hemedi, kijana nadhifu aliyependa karatasi zisizo na mikunjo. Wa pili alikuwa Mhesabu Mkuu, Mzee Mbaruku, mwenye fimbo ya mpingo na kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Kwa miaka arobaini na miwili mzee huyu alikuwa akisimama juu ya jiwe la pembe yake Siku ya Mgao, akihesabu vipande vinavyokutana miguuni pake, kisha akijumlisha na hesabu za wenzake wa pembe nyingine nne. Hakuwahi kukosea. Alimweleza Nyamizi kanuni ya kazi kwa fahari ya mtu anayemwonyesha mgeni picha ya wajukuu. Kwenye kila pembe hukutana vipande vitatu, Ncha moja na Ubavu mmoja kila mkono. Pembe ni tano. Tano mara tatu ni kumi na tano. Nchi ina vipande kumi na tano.

Nyamizi alimuuliza kwa adabu kama aliwahi kuingia ndani ya nchi, akaitazama.

"Mhesabu akisogea, fundi, hesabu inasogea naye," alijibu mzee. "Mimi sijasogea."

Matunda ya hesabu hiyo Nyamizi aliyaona kwa macho yake. Watu wa Mbavuni, ambao kila kipande chao kimehesabiwa kwenye pembe mbili, walikuwa wanapata kila kitu mara mbili na wamechoka. Mtoto wa Ubavuni alikuwa na majina mawili na shule mbili, moja asubuhi na moja mchana, na walimu wake walikuwa wanafuta ubaoni maandishi ya wenzao. Mjamzito wa Ubavuni alikuwa anajiwa na wakunga wawili wenye haki sawa, na wakati wakunga wanatafuta muafaka mtoto anasubiri. Hata hivyo, hakuna mtu wa Ubavuni aliyesema hesabu ina kasoro. Watu wa Nchani walikuwa wanapata mara moja, kama inavyotakiwa, na kwa sababu hiyo walijiona wanaonewa.

Ukumbi wenyewe ulikuwa na pande tano, na sakafu yake ilitakiwa iwe ramani ya nchi kwa vigae vya rangi. Vigae vilikuwa vimekatwa tayari na kupangwa ndani ya masanduku kumi na tano, kila sanduku kwa kipande chake, kila kipande kwa rangi yake. Nyamizi alivua viatu, akafunga khanga kiunoni, akavuta uzi kutoka kona hadi kona. Fundi wa vigae mwenye akili huanzia katikati ya chumba akaelekea kwenye kuta, ili vipande vya kukatakata viishie pembeni ambako havionekani. Basi akamwomba Katibu ampe sanduku la katikati.

Hemedi alipitia orodha yake mara mbili. Akasema hakuna sanduku la katikati. Nyamizi akaonyesha kwa kidole pale nyuzi zilipopishana, pakafanya umbo dogo la pande tano. Hemedi akatazama, akatazama tena orodha, akasema kwamba pale hapana kitu, na kwamba fundi asiwe na wasiwasi, vigae vikitandikwa vyote patajifunga penyewe.

Kwa siku nane Nyamizi alitandika kama alivyoambiwa, akiacha katikati. Alifungua sanduku la Ubavu wa kulia wa pembe moja, akalitandika likaisha vizuri. Alipofungua sanduku la Ubavu wa kushoto wa pembe ya jirani, akakuta ni umbo lilelile, mahali palepale, pameshatandikwa. Ikawa hivyo kwa kila Ubavu. Siku ya nane jioni sakafu ilikuwa inang'aa, masanduku matano yalikuwa yamesimama ukutani yamejaa, na katikati ya ukumbi palikuwa na tundu la udongo mtupu, upana wake kama mkeka wa kulalia.

Baraza liliitishwa kujadili tundu. Mjumbe wa kwanza alisema tundu ni uzembe wa fundi, kwani vigae vimebaki na nafasi imebaki, na mtoto mdogo anajua cha kufanya. Nyamizi aliombwa ajaribu mbele yao. Alichukua kipande cha Ubavu kilichobaki akakilaza juu ya tundu, nacho kikapitiliza huku na huku, kwa sababu kipande cha Ubavu ni kirefu kuliko tundu lote. Mjumbe wa pili alipendekeza kisukumwe kwa nguvu. Wa tatu, aliyeheshimika kwa busara, alisema tundu halipo, kwa kuwa vipande ni kumi na tano na vyote vimefika na kusainiwa, na kwamba anachokiona kila mmoja pale sakafuni ni suala la mwanga. Walipiga kura. Hoja ya mwanga ilishinda, lakini kwa tahadhari Katibu aliagizwa atafute zulia.

Hemedi alimfuata Nyamizi pembeni baada ya kikao. Alimwambia kwamba kazi yake ni nzuri na kila mtu ameridhika. Alichotakiwa ni kutandaza zulia kwa mikono yake na kutia sahihi kwamba sakafu imekamilika, achukue ujira wake, aende kwao kwa heshima. Asipofanya hivyo, kazi itahesabika kuwa na kasoro, na mkoba wa vyombo vyake utabaki Barazani mpaka kasoro itakapopatiwa mwenyewe. Nyamizi aliufikiria mkoba ule. Nyundo ya baba yake ilikuwa na mpini uliochakaa kwa mikono miwili, ya baba na ya binti, na bila hiyo nyundo alijiona kama mtu aliyetumwa kazini bila vidole. Alisikia hofu, na sitaificha hofu yake ili aonekane shujaa. Lakini alikumbuka jinsi Mashavu alivyokuwa anageuza mto upande wa baridi kila homa ilipopanda, na akaona kwamba kulitandaza zulia lile ni sawa na kuwafunika wale watu yeye mwenyewe. Akakataa. Hemedi akachukua mkoba, akampa risiti.

Mchana wa siku iliyotangulia Siku ya Mgao, Mzee Mbaruku alikuja ukumbini peke yake kufanya mazoezi. Alikuwa hajawahi kuiona nchi yote kwa mara moja, na aliposimama kwenye kona ya ukumbi akaiona imelala mbele yake kwa rangi zake, uso ulimlainika. Nyamizi alimwamkia, kisha akamwomba amfundishe kuhesabu. Alimpa kikombe cha kunde. Akamwomba, kwa kila kipande atakachokihesabu, aweke kunde moja juu yake.

Mzee alifurahi, kwani hakuna kitu kinachomfurahisha mtaalamu kama mwanafunzi. Kwenye kona ya kwanza aliweka kunde tatu. Akaenda ya pili, kwa niaba ya mwenzake wa huko, akaweka tatu. Alizunguka kona zote tano akigonga fimbo, na alipomaliza akasema, "Kumi na tano."

"Ni kweli, Mzee," Nyamizi alisema. "Hesabu haina kosa hata moja. Sasa naomba utazame kunde zimelala wapi."

Mzee Mbaruku akatazama. Juu ya kila Ubavu kulikuwa na kunde mbili, moja huku na moja huku. Juu ya kila Ncha kulikuwa na moja. Kwenye tundu hapakuwa na kitu. Alisogea hatua moja kutoka kwenye kona, akajigundua, akarudi. Kisha akasogea tena. Akagundua jambo jingine ambalo Nyamizi alikuwa ameliona tangu siku ya kwanza na hakulisema: tundu lile lilikuwa na umbo la nchi yenyewe, pande tano sawa na pembe tano sawa, ila limegeuzwa juu chini.

"Hapo katikati pana watu?" aliuliza.

"Mia mbili na kumi na wanne, Mzee. Mmoja bado ananyonya."

"Umewahesabu ukiwa umesimama wapi?"

"Nilikuwa nimelala," alisema Nyamizi. "Walikuwa wananiuguza."

Mzee aliinama. Aliokota kunde zake moja moja, akazitia mfukoni mwa kanzu, akaondoka bila kuaga, jambo ambalo kwa mtu mwenye adabu zake lilikuwa geni.

Siku ya Mgao ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wakuu wa pembe zote tano walikaa kwenye viti vitano vilivyolingana. Zulia lilikuwa limetandazwa na Hemedi mwenyewe, nalo lilibonyea katikati, na kila mtu alilipitia kando kwa ustadi bila kulitazama. Nje, mlangoni, alisimama mpiga baragumu. Utaratibu ulikuwa rahisi na haukuacha nafasi ya makosa: Mhesabu Mkuu atahesabu kwa sauti, na atakapotamka kumi na tano, baragumu litalia, na mlinzi wa lango kule mtoni akilisikia atafungua maji.

Kabla hesabu haijaanza, Mashavu aliingia. Alikuwa ametembea tangu alfajiri na miguu yake ilikuwa na vumbi hadi magotini. Watu wakampisha, si kwa heshima, bali kwa vumbi. Hemedi alimjia na karatasi yake na kumuuliza, kama mara zote, anatoka kipande gani.

Mashavu alitazama sakafu. Aliona rangi zote za nchi na hakuona kwao. Nyamizi, aliyekuwa amesimama ukutani kando ya masanduku matano, aliona macho yake yanavyotafuta, na moyo ukamuuma kiasi kwamba hata hakukumbuka mkoba. Alitembea mpaka katikati ya ukumbi, akainama, akashika zulia kwa mikono miwili, akalivuta.

Mashavu alishuka ndani ya tundu, akasimama juu ya udongo kwa miguu yake mitupu.

"Natoka hapa," alisema.

Wakuu wa pembe waliwaita askari wamtoe. Askari walifika ukingoni mwa tundu wakasimama, maana kanuni zao ziliwaruhusu kumwondoa mtu aliyekanyaga kipande kisicho chake, na mama huyu hakuwa amekanyaga kipande chochote. Walimtazama Katibu. Katibu aliitazama karatasi yake, na kalamu ikabaki hewani, kwa kuwa hata yeye aliona aibu kuandika kwamba mtu yule hakuhudhuria. Mmoja wa wakuu akaamuru hesabu ianze ili mambo yaishe.

Mzee Mbaruku alikuwa kwenye kona yake. Akatoka kwenye kona, na ukumbi mzima ukasikia fimbo ikigonga vigae, akipita juu ya Ncha yake mwenyewe ambayo kwa miaka arobaini na miwili aliitazama kutoka mbali, mpaka akafika ukingoni mwa tundu. Alimuuliza Mashavu jina lake, naye akamwambia.

"Moja," alisema Mzee Mbaruku.

Kisha akageuka polepole, akianzia hapo aliposimama, akanyoosha fimbo kwenye kila kipande mara moja tu, Ncha, Ubavu, Ncha, Ubavu, mpaka alipozunguka duara lote. Alisema kumi na moja, akashusha fimbo. Mlangoni, mpiga baragumu alikuwa ameliweka baragumu mdomoni na mashavu yamejaa pumzi. Alingoja kumi na mbili. Alingoja kumi na tano. Alikuwa ameagizwa kwa maandishi apulize kwenye kumi na tano tu, na alikuwa mtumishi mtiifu. Hatimaye alitoa pumzi yake kwa utulivu akaliweka baragumu kwapani. Kule mtoni mlinzi wa lango alikaa mpaka jioni, hakusikia kitu, akafunga kibanda chake akaenda kula.

Mabishano yaliyofuata yalichukua siku nne, na sitayasimulia yote. Walikuwepo waliosema mpiga baragumu ameihujumu nchi. Watu wa Mbavuni walileta malalamiko mawili mawili kwa jambo moja. Mwisho Baraza liliamua kwamba bwawa haliwezi kujazwa mpaka hesabu itimie, na hesabu haiwezi kutimia kwa kuwa Mhesabu Mkuu hawezi kusema uongo ndani ya ukumbi. Basi akafukuzwa kwa kosa la kusogea, ila kumi na moja yake ilikuwa imeshaandikwa vitabuni, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuifuta. Mzee alipokea barua yake kwa mikono miwili, akashukuru. Aliwaambia wenzake kwamba magoti yake yamemshukuru pia, maana jiwe la pembe lilikuwa baridi siku zote na hakuwahi kuthubutu kulisema hilo. Siku iliyofuata walimwona anaelekea ndani ya nchi, anatazama huku na huku kama mtoto aliyepelekwa sokoni.

Nyamizi alirudishiwa mkoba, ila ujira akanyimwa. Hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu, ruhusa ya kuziba tundu, na hakuna aliyeweza kumkatalia. Alipindua yale masanduku matano yaliyobaki, akavivunja vigae vyake kwa nyundo ya baba yake, na kwa vipande hivyo vya rangi tano akatandika katikati ya ukumbi kwa saa sita bila kunyanyua kichwa. Mashavu alikaa kando akimpitishia vipande. Walipomaliza walikunywa chai palepale, wamenyoosha miguu juu ya Kitovu.

Nyamizi alikaa Kitovu mwezi mmoja zaidi kwa kuwa hawakumruhusu kuondoka. Baraza liliagiza orodha ya majina na miaka ya watu wote wa huko, na yeye ndiye aliyeiandika. Ilikuwa ndani ya mwezi huo ambapo, kwa mara ya kwanza tangu nchi iwepo, tarishi wa serikali aliingia kule akiwa na furushi. Alipita nyumba kwa nyumba akiwagawia watu bahasha, akapotea njia mara mbili, akapewa maziwa, akaenda zake. Mashavu hakujua kusoma, kwani hakuwahi kupata mwalimu, achilia mbali wawili. Alimpa Nyamizi bahasha yake, akakaa kwenye kigoda, akafuta mikono kwenye khanga.

Barua ilikuwa ya onyo. Ilisema: Kwa Mashavu binti Ngwali, mkazi wa Kipande cha Kumi na Moja. Baraza limebaini kwamba hukuhudhuria hesabu yoyote ya taifa tangu kuzaliwa kwako, yaani mara arobaini na sita mfululizo, bila taarifa wala udhuru. Unakemewa vikali. Unatakiwa ufike bila kukosa katika hesabu ijayo.

Nyamizi alisoma sauti ikimpungua, akiona aibu kwa niaba ya watu waliokuwa na uwezo wa kuandika barua kama ile. Alipoinua macho alimkuta Mashavu ameziba mdomo kwa khanga na machozi yanamtiririka.

"Rudia pale mwanzo," alisema.

Nyamizi akarudia: Kwa Mashavu binti Ngwali.

"Wamenigombeza," Mashavu alisema. "Mimi. Kwa jina langu na la baba yangu."

Nje watu walikuwa wameanza kuitana kutoka mlango hadi mlango, kila mmoja na onyo lake, wakilinganisha miaka. Mzee mmoja alikuwa amekemewa kwa hesabu themanini na tatu, na alitembea kijiji kizima akilitaja hilo. Mashavu alimshukuru Nyamizi, na Nyamizi akasema hapana, wa kushukuru ni yeye mwenyewe, na wakabishana hivyo kwa muda bila kuafikiana. Wakati wanabishana, msichana mmoja alikuja kibarazani na mwanawe mgongoni, yule anayenyonya, akiwa ameshika bahasha ndogo kuliko nyingine zote. Mtoto alikuwa ameonywa kwa kukosa hesabu moja.

Mama yake hakutaka asomewe yeye. Alimfungua mtoto kutoka mgongoni, akamweka kwenye mapaja ya Nyamizi, akasema kwamba barua ni ya mwenyewe. Nyamizi akainama, na kwa sauti ya chini akamsomea mtoto onyo lake sikioni, akianza na jina.